Jibu: Picha za vijana wanaochupa baharini Forodhani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini vijana wanaochupa baharini Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutoka na ukungu katika picha zako za jioni. Sekunde 1/60, muda ambao shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) hubaki wazi, ni ndefu mno kwa mwili unaoanguka. Ipandishe kasi ya shata hadi sekunde 1/1000, kisha, ili kufidia mwanga uliopotea, fungua tundu la lenzi kutoka f/8 hadi f/2.8 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka) na uongeze maradufu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hata hivyo, nakusihi usiione kasi ndogo kuwa kosa daima. Jua likishazama, weka kamera kwenye tripodi (kisimamio cha miguu mitatu), funga tundu hadi f/16 na uache shata wazi sekunde mbili: mawimbi yatalainika kama moshi, huku nyufa za ukuta zikionekana moja moja.