Kabla ya kuandika "hawa ndivyo walivyo"

Nyinyi mnaoripoti kazini mwezi huu kwenye kliniki za hapa Nairobi, za Eastleigh, Kayole na Githurai, nawaandikia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

Alikuja kijana Mworomo, miezi mitano tangu atoke Ethiopia. Homa, kutetemeka, jasho la kulowesha shati, halafu anapata nafuu na mambo yanaanza upya. Nikampima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni. Mstari mmoja, yaani hana. Nikamwandikia dawa za homa ya matumbo. Baada ya wiki sita akarudi, mstari mmoja tena, dawa zilezile tena. Safari ya tatu, mzee wetu wa maabara aliniuliza bila hata kuinua macho, "Daktari, huyu kwao ni wapi?" Akapaka damu kwenye kioo, akainamia hadubini yake kitambo, kisha akanisogezea kiti nichungulie. Vivaksi, aina nyingine ya kimelea cha malaria.

Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika Kenya husaka protini ya kimelea cha falsiparamu tu, kwa kuwa ndicho kinachotusumbua sana. Vivaksi hupenya chembe nyekundu ya damu kwa urahisi ikiwa chembe hiyo ina alama iitwayo Duffy, na wengi wetu Waafrika wa magharibi, wa kati na hata hapa Kenya tumezaliwa bila alama hiyo. Ethiopia wapo wengi wenye nayo, na huko vivaksi ni ugonjwa wa kawaida. Tena hujificha kwenye ini, kikaibuka miezi kadhaa baadaye, wakati mgonjwa ameshasahau mbu wa kwao. Kukitoa humo kunahitaji primakwini, na kabla ya kuitoa sharti ujue kama mgonjwa ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, la sivyo dawa yenyewe inaweza kuvunja chembe zake za damu. Hapo asili ya mtu ina kazi. Inakuelekeza kipimo cha kuagiza.

Taabu ni kwamba ukishaonja utamu wa swali la yule mzee utataka kulitumia kila mahali. Mimi niligeuka bingwa wa makabila. Kisukari? Wasomali hao. Presha? Wakongomani hao. Foleni ilikwenda haraka kweli, na daftari langu lilikuwa safi.

Kilichonishtua ni utafiti uliofanywa papa hapa, na ambao ajabu ni kwamba wengi wetu tunamaliza chuo bila kuusikia. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliotoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, ambako presha ilikuwa ya chini, wakaja Nairobi kutafuta maisha. Wakawalinganisha na waliobaki kijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990 katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema, katika miezi ya mwanzo tu mjini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi kwa kulinganisha na potasiamu. Ukoo uleule, ziwa lilelile. Damu ya mababu haibadiliki ndani ya basi la usiku.

Marekani nako waliona jambo la namna hiyo. Mwaka 1997 Richard David na James Collins walichapisha uchunguzi wa uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois: watoto wa wanawake weusi waliozaliwa Afrika walikuwa na uzito ulio karibu zaidi na wa watoto wa Wazungu kuliko wa watoto wa wanawake weusi waliozaliwa Marekani kwenyewe. Kama ni asili ya Kiafrika pekee inayopunguza uzito, ingekuwa kinyume.

Hata kinga ya malaria msiichanganye na ukoo. Mtu wa Kisumu akikaa Nairobi miaka kadhaa bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga aliyoijenga utotoni hupungua. Januari mtawapokea wengi waliokwenda nyumbani Krismasi wakijiamini.

Kwa hiyo ongezeni maswali. Analala wapi, na wangapi chumbani. Anakula nini siku ambayo hana pesa. Anaogopa kutoka nje saa ngapi. Aprili 2014, wakati wa msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, watu wengi wa Eastleigh walikamatwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Mtu aliyepitia hayo akikosa siku yake ya kliniki, msikimbilie kuandika "hafuati maagizo".

Na sikilizeni lugha. Juzi mama mmoja wa Bukavu, Kongo, alimwambia mwanafunzi wetu, "Roho inaniluma." Mwanafunzi, mtoto mzuri tu, akaanza kumliwaza kama aliyefiwa. Mama alikuwa anamwambia moyo unamwuma. Tukampima presha: 168 kwa 104, ya juu sana. Kwenye faili, mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba hamezi dawa. Nikamuuliza, "Mama, zile dawa zinakusumbua wapi?" Akacheka kidogo, akaangalia mlango kwanza.

Anauza vitenge kwa kutembeza mitaani, kuanzia asubuhi mpaka jioni, furushi begani. Vidonge tulivyompa ni vya kumkojoza. Kila choo njiani ni shilingi kumi, na akiingia hana wa kumwachia furushi. Basi siku za biashara hamezi. Jumapili anameza.

Tulimbadilishia dawa, tukampa isiyomkimbiza chooni. Kuhusu chumvi tulielewana nusu nusu, maana samaki mkavu wa kwao hataki kumwacha, na mimi sikumlazimisha siku hiyo. Nimempangia Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, kabla hajatoka na vitenge vyake.