Maswali na Majibu: Kuunganisha Matawi na Seva ya Makao Makuu

Seva yetu iko Dar es Salaam na maduka yako Mwanza na Mbeya. Fundi amefungua poti 3389 (mlango wa Windows wa kuendesha kompyuta kutoka mbali) kwenye ruta ili maduka yaingie moja kwa moja. Kuna ubaya gani ikiwa neno la siri ni gumu?

Swali hili hunifikia kila mara, na jibu halijabadilika: ifunge poti hiyo leo. Intaneti imejaa programu zinazopekua anwani usiku na mchana zikitafuta mlango huo wa Windows. Fungua kumbukumbu za usalama za seva yako, utafute tukio namba 4625, na huenda ukakuta mistari mingi ya watu usiowajua wakijaribu kuingia kwa jina la «administrator». Neno gumu la siri linasaidia, lakini halizibi kasoro ya programu yenyewe. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mvamizi kuiteka kompyuta bila kuulizwa neno lolote la siri. Kubadilisha namba ya poti nako hakumfichi mtu. Maduka yapite kwenye VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa ndani ya intaneti, na fundi anayekuambia kuwa hilo ni gharama isiyo na maana asikabidhiwe seva yenye hesabu zako.

Ruta ina PPTP, aina ya zamani ya VPN, tayari. Inatosha?

Haitoshi. Uthibitishaji wake ulivunjwa hadharani mwaka 2012. Tumia WireGuard, VPN ya kisasa ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo wa Linux, na kila kompyuta ipewe ufunguo wake, ili mfanyakazi akiacha kazi ufute ufunguo mmoja tu bila kuyagusa matawi mengine.

VPN inaunganika lakini seva haionekani.

Kama ofisi zote mbili zinatumia anwani za ndani zilezile, mfano 192.168.1.0, kompyuta haitajua seva iko upande upi; badilisha za ofisi mojawapo.

Makao makuu yanatumia intaneti ya laini ya simu, na matawi hayawezi kuifikia seva.

Tazama anwani ambayo ruta imepewa. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti, hata ya VPN, hakutasaidia kitu. Omba anwani tuli ya umma (isiyobadilika na inayofikika kutoka intaneti), au kodi seva ndogo ya kati ambayo makao makuu na matawi yote wataianzishia muunganisho wenyewe, kisha kwenye WireGuard uweke PersistentKeepalive (ishara ndogo ya kujirudia) ya sekunde 25 ili njia isijifunge.

Programu ya stoo ni ya Access, hifadhidata ya Microsoft inayokaa kwenye faili moja. Kupitia VPN inakwama, na juzi faili liliharibika. Tuongeze kasi ya bando?

Hapana. Access husoma na kuandika vipande vya faili kupitia mtandao, kwa safari nyingi ndogo ndogo, na muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika. Iendesheni programu juu ya seva yenyewe, tawi likitazama skrini tu kupitia VPN, au hamishieni data kwenye PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa na seva yenyewe. Kabla ya yote hayo, wekeni nakala rudufu kwenye diski inayochomolewa, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili kwa ajili ya kudai fidia huifunga pia nakala iliyomo ndani ya seva hiyohiyo.