Sindano za Kupunguza Uzito na Dawa za Kichefuchefu: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sindano za kila wiki za semaglutaidi (Ozempic, Wegovy) na tirzepataidi (Mounjaro, Zepbound), na vidonge vinavyonunuliwa ili kutuliza tumbo baada ya kuchoma.

Nimeanza semaglutaidi wiki ya tatu sasa na kichefuchefu hakiniachi. Je, ninaweza kumeza ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika?

Unaweza, kwa siku chache, mradi daktari wako anajua dawa nyingine zote unazotumia. Dawa hizi mbili hazigombani moja kwa moja, lakini sindano hufunga choo na ondansetroni nayo hufunga choo, kwa hiyo usipokunywa maji ya kutosha utakuwa umebadilishana taabu moja kwa nyingine. Jambo zito zaidi ni moyo. Ondansetroni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mtu aliyetapika hadi potasiamu na magnesiamu zikapungua mwilini, na hatari huongezeka ikichanganywa na dawa nyingine zenye tabia hiyohiyo, zikiwamo antibiotiki ya azithromisini na dawa ya mseto ya malaria. Mwenye homa na kutapika huenda dukani akapewa mseto na ondansetroni kwa pamoja bila kuulizwa kama anachoma sindano yoyote. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Dada yangu anameza Plasil kila siku, mwezi wa pili sasa, ili aweze kuendelea na sindano. Je, ni salama?

Si salama, na alipeleke suala hili kwa daktari wiki hii. Ninajua jinsi mambo yanavyoanza: muuzaji anakata vidonge kumi kwa mkasi, anavitia katika bahasha ndogo ya karatasi, anaandika 1×3, na hapaandikwi ni kwa siku ngapi. Metoklopramidi, ambayo ndiyo Plasil, huharakisha tumbo kumwaga chakula, na kwa kuwa sindano hulichelewesha, watu hudhani wamepata dawa ya kukamilishana nayo. Wanasahau kwamba huingia hadi kwenye ubongo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliwekea matumizi yake kikomo cha siku 5, kwa miligramu zisizozidi 30 kwa siku kwa mtu mzima, na tangu 2009 Marekani imeitaka ibebe onyo kali kwamba matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta mijongeo ya ulimi, midomo na uso isiyozuilika, ambayo huenda isiondoke hata dawa ikiachwa. Wala asikimbilie domperidoni kama mbadala wa kudumu: nayo kikomo chake huko Ulaya kwa kawaida ni wiki moja, na haifai kumezwa pamoja na antibiotiki za erithromisini na klarithromisini, au flukonazoli ya fangasi, kwa sababu ya moyo. Dada anayehitaji kidonge kila siku ili avumilie sindano amezidishiwa dozi, au sindano hiyo haimfai.

Nina harusi mwezi ujao. Je, nikitangulia kumeza dawa ya kichefuchefu, ninaweza kupandisha dozi haraka?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa kila msimu wa harusi. Kwa kupunguza uzito, semaglutaidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki kwa majuma manne, kisha hupanda ngazi kwa ngazi hadi 2.4, tirzepataidi huanza na 2.5 na kila ngazi hukaliwa angalau majuma manne. Ngazi hizo zimewekwa ili tumbo lizoee. Kichefuchefu kikizidi, baki ulipo au shuka, kwa ushauri wa daktari. Tena dawa hizi hukaa mwilini: nusu ya semaglutaidi ingalimo baada ya wiki nzima, kwa hiyo ukijizidishia leo hutaweza kuitoa kesho.

Je, tangawizi inasaidia?

Kwa kichefuchefu chepesi, ndiyo, ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Kinachosaidia zaidi ni kula sahani ndogo, kuacha mara unapohisi kushiba, na kuepuka vyakula vya kukaanga usiku.

Ninatumia tirzepataidi na vidonge vya uzazi wa mpango. Nikitapika inakuwaje?

Ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza kidonge, meza kingine. Hata usipotapika, tumia kondomu kwa majuma manne baada ya kuanza tirzepataidi na majuma manne baada ya kila kupandisha dozi, kwa kuwa dawa hii hupunguza ufyonzwaji wa vidonge hivyo. Sindano hizi hazitumiki wakati wa ujauzito.

Nina maumivu makali ya tumbo yanayopiga hadi mgongoni tangu jana. Ondansetroni haikusaidia. Je, niongeze?

Usiongeze, na usichome sindano inayofuata. Hilo huenda ni kongosho lililovimba, na halikupaswa kuandikiwa barua bali kupelekwa hospitali jana hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayetapika kila anachokunywa, aliyepungukiwa mkojo, au ambaye tumbo limejaa na hapati choo wala hatoi upepo, kwani ondansetroni inaweza kuficha utumbo uliosimama. Nenda na boksi la sindano pamoja na vidonge vyote, ukamweleze daktari siku uliyochoma mara ya mwisho.