Msianze na Mhubiri

Ninyi mnaoanza kusoma mafundisho ya Kiyahudi mwaka huu, kitabu cha Mhubiri kiacheni kwanza. Najua kinavutia. "Ubatili mtupu" tumeisikia tangu utotoni, hata matangani, na ukianzia hapo utadhani jibu umeshalipata: raha za dunia ni upepo, iliyobaki ni roho tu. Mimi nilianzia hapo. Insha yangu ya kwanza ilidai kwamba Myahudi mcha Mungu huukimbia mwili wake. Ilirudi na maneno mawili pembeni: "Na Mnadhiri?"

Someni kitabu cha Hesabu, sura ya 6. Mnadhiri ni mtu aliyeweka nadhiri kwa Mungu, kaacha divai na zabibu, hanyoi nywele. Siku zake zikitimia analeta, pamoja na sadaka nyingine, mwanakondoo jike awe sadaka ya dhambi. Dhambi ipi tena, na alijinyima kwa ajili ya Mungu? Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, Rabi Elazar HaKappar anajibu: alijitesa kwa kujinyima divai. Ukurasa huohuo yupo rabi anayemwita mtu huyu mtakatifu, na kauli zote mbili zimeachwa pale, kwa hiyo msikimbilie kutafuta mshindi. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo mwingine wa aina hiyo, nayo inasema mtu atatoa hesabu ya kila alichokiona kwa macho yake asikile. Nilicheka peke yangu maktaba, nikikumbuka maembe niliyoyapita.

Lakini hiyo si ruhusa ya kujirusha. Nachmanides, rabi wa karne ya 13, akifafanua Walawi 19, anaonya kwamba mtu anaweza kula vya halali tupu, kunywa vya halali tupu, na bado akawa fedhuli kwa ruhusa ya Torati. Basi tofauti iko wapi? Talmudi inasema kufaidi chochote cha dunia bila kukitolea baraka ni kama kujichukulia mali ya wakfu.

Hili sikulielewa kitabuni. Nililielewa mezani, Ijumaa jioni, nilipoalikwa mlo wa Sabato. Mishumaa imewashwa, kikombe cha divai kimejaa mpaka ukingoni, mikate miwili imefunikwa kitambaa, maana divai hubarikiwa kwanza, na husemwa kwamba mkate usione aibu. Tukanawa mikono. Nikamuuliza mwenyeji swali, kimya. Nikauliza tena, akatabasamu tu. Nilijua nimemkosea. Kumbe baada ya kunawa watu hawaongei mpaka mkate ubarikiwe na kuonjwa. Alipomega, akachovya kwenye chumvi na kunigawia, kile kipande nilikila polepole kuliko mkate wowote niliowahi kula.

Swali la kwa nini mtu hashibi lina mfano wake katika midrashi ya Mhubiri, yaani ufafanuzi wa kale wa marabi juu ya kitabu hicho: binti mfalme aliolewa na mtu wa kawaida, na mume akamletea kila kitamu cha duniani, lakini kwake si kitu, kwa sababu yeye ni binti mfalme. Ndivyo ilivyo nafsi. Angalieni vizuri, mfano haumlaumu mume wala vyakula vyake.

Mkishapita hapo, fungueni Mhubiri. Jumuiya nyingi hukisoma wakati wa Sukoti, sikukuu ya mavuno ambayo sala huiita majira ya furaha yetu, watu wakila ndani ya vibanda vya matawi. Anzieni 9:7, panapoambiwa mtu aende akale chakula chake kwa furaha na anywe divai yake kwa moyo mchangamfu. Mimi mstari huo niliuruka miaka miwili.