Muulize Bibi wa Darubini: Mbona dawa ya kichocho ni ile ile?

*Bibi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Mtambile, Pemba. Juzi tulipangwa foleni skuli tukapewa vidonge vya kichocho. Mama akaniambia vidonge hivyo hivyo, vichungu vile vile, alimezeshwa na yeye alipokuwa mwanafunzi. Simu kila mwaka inatoka mpya, leo ina kamera tatu, kesho nne, lakini dawa ya ugonjwa wetu imeganda pale pale. Wanasayansi wameshindwa au hawataki? Na mimi nina nia ya kusomea famasia, niambie kama napoteza wakati.*
*Kijana wa Mtambile*

Marahaba, mjukuu wangu. Hawajashindwa, na wengi wao wangetaka. Ila mwanasayansi hali hewa. Kipi kitafutwe maabara kwanza huamuliwa na anayelipa, na simu ina walipaji duniani kote, wewe ukiwa mmoja wao. Kichocho kinampata mlima mpunga na mtoto anayeoga kijitoni. Hao wana ugonjwa lakini hawana pochi.

Kichukue hicho hicho kidonge kilichokukunja uso. Jina lake prazikwanteli, na kilitoka Ujerumani katika miaka ya 1970, kwenye kampuni mbili, Bayer na Merck ya Darmstadt. (Kuna Merck nyingine ya Marekani, nitaifikia. Zilikuwa kampuni moja, zikatenganishwa na Vita Kuu ya Kwanza.) Unajua walikuwa wakitafuta nini? Dawa ya kutuliza akili. Haikufaa kwa kazi hiyo, ikajaribiwa kwa minyoo, na wanunuzi waliokuwa tayari na fedha mkononi walikuwa wenye paka na mbwa wenye tegu. Ilipoonekana kuwa inaua na minyoo ya kichocho, Shirika la Afya Duniani likaingia kusaidia majaribio kwa binadamu. Kwa hiyo sisi tulifika baada ya paka, na nasema hivyo bila kinyongo.

Bei nayo ina kisa chake. Mwanzoni haikuwa bei ya serikali maskini. Mwaka 1983 kampuni ya Korea Kusini, Shin Poong, ikapata njia yake ya kuitengeneza. Wakati ule sheria ya hataza ya Korea, yaani ya kumlinda mvumbuzi asiigwe, ililinda njia ya kutengenezea dawa, haikulinda dawa yenyewe, basi aliyepata njia nyingine alikuwa halali kabisa. Ushindani ukaanza, bei ikateremka mwaka hadi mwaka. Wanaosema siasa ikae mbali na sayansi huwa nawauliza: kidonge hiki kilishushwa bei na nani, mkemia au mtunga sheria?

Sasa ile Merck ya Marekani. Dawa ya ivermektini, tunayoijua hapa kwa matende, ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani alichokiokota Satoshi Ōmura, akakifanyia kazi William Campbell katika kampuni hiyo. Mwaka 2015 wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini sokoni iliingia mwaka 1981 kwa ajili ya ng'ombe, kondoo na farasi, na ikaleta fedha nyingi mno. Ndipo mwaka 1987 kampuni ikatangaza itaitoa bure kwa wagonjwa wa upofu wa usubi. Baadaye na wagonjwa wa matende wakaingizwa, na Zanzibar ikaanza kugawa dawa visiwa vizima mwaka 2001, miongoni mwa wa kwanza kabisa Afrika. Ng'ombe wa wakulima wa ng'ambo walikuwa wameshatulipia.

Kisa kinachonikera mpaka leo ni cha malale. Kulikuwa na dawa iitwayo eflonithini, iliyowainua watu walioshapoteza fahamu kwa malale ya Afrika Magharibi na ya Kati. Mwanzo ilitafutwa kwa ajili ya saratani. Iliidhinishwa Marekani kwa malale mwaka 1990, na miaka michache tu baadaye utengenezaji ukasimamishwa, kwa sababu wagonjwa wa malale hawakuwa soko. Mwaka 2000 kiungo kile kile kikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza nywele usoni kwa wanawake! Kiwanda kikapata sababu ya kuwaka. Madaktari Wasio na Mipaka wakapiga kelele, Shirika la Afya Duniani likakaa mezani na kampuni ya Aventis, na mwaka 2001 wakakubaliana dawa itengenezwe tena kwa wagonjwa. Sina ugomvi na mwanamke anayetaka uso laini. Nina ugomvi na mpango ambao uhai wa mtu wa Kongo unasubiri kidevu cha mtu mwingine.

Hayo si ya kuokoteza. Watafiti walihesabu dawa mpya zilizoingia sokoni duniani kuanzia 1975 hadi 1999, wakapata 1,393. Za magonjwa ya nchi za joto na kifua kikuu zilikuwa 16.

Usije ukadhani kila kitu huendeshwa na duka. Hapa hapa Unguja tulikuwa na mbung'o, ndorobo wa msitu wa Jozani na pembezoni mwake, waliokuwa wakimaliza ng'ombe kwa nagana. Unyunyiziaji na mitego iliwapunguza, haikuwamaliza. Kisha ikaja kazi ambayo hakuna mfanyabiashara angeithubutu: madume ya mbung'o yakafugwa Tanga kwa malaki, yakapigwa mionzi yakawa tasa, yakamwagwa juu ya kisiwa kwa ndege, wiki baada ya wiki. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akimpata tasa uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Sasa fikiri kibiashara: bidhaa ambayo ukiiuza mara moja mteja hakuhitaji tena milele, nani atawekeza? Zililipa serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Na siasa haikukosekana huko pia. Shirika lile liliundwa 1957 kuonyesha kuwa atomu ina kazi nyingine zaidi ya bomu, na mbung'o wa Jozani walikuwa ushahidi mzuri wa kuonyesha wakubwa. Mimi nimefurahi ng'ombe wamepona, walioonyeshwa waonyeshwe.

Kuhusu famasia, nenda. Muhimbili wanaifundisha. Ila shika kemia sasa hivi, na ukifika huko usikwepe somo la sheria na uchumi wa dawa kwa kuliona la watu wa ofisini. Wale wa Korea waliokitumia kile kifungu cha hataza walikuwa wamekisoma.

*Assalaam alaykum Bibi. Naandika kutoka Chaani, Unguja. Jirani yangu anasema vidonge vya bure ni kampuni za Wazungu zinatufanyia majaribio, tuwakatalie. Nami nina mtoto wa miaka minne, hajaanza skuli, anakojoa damu. Walipokuja kugawa dawa walisema yeye bado. Nimsikilize nani?*
*Mama wa Chaani*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na mtoto: huyo apelekwe kituo cha afya wiki hii, asisubiri kampeni. Ukiweza, mkojo wake uchukuliwe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Maabara tulikuwa tukivuta mililita kumi kwa sindano, tunazisukuma kwenye kichujio kidogo, kichujio tunakilaza juu ya kioo, na yai tunalitambua kwa mwiba wake mmoja wa mwishoni. Ukiliona mara moja hulisahau.

Jirani yako ana haki ya kutia shaka, lakini shaka yake ameielekeza pasipo. Prazikwanteli si dawa ya kujaribiwa, imeshamezwa na watu wengi mno kwa zaidi ya miaka arubaini. Inaweza kuleta kizunguzungu, tumbo kusokota au kichefuchefu, ndiyo maana tunasema mtoto ale kwanza. Merck ya Darmstadt huitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Je, kampuni inapata jina zuri kwa hilo? Bila shaka inapata. Jina zuri la kampuni haliharibu kidonge.

Mimi ningekuwa jirani yako ningeuliza kwa nini mtoto wa miaka minne aliambiwa "bado". Umeiona ile fimbo ya kupimia wanayokuja nayo? Haina kilo, ina urefu, na kila alama ni idadi ya vidonge. Alama ya chini kabisa ni sentimita 94. Asiyeifikia hapewi kitu, na hata walioifikia wadogo kampeni nyingi ziliwaruka kwa kuwa zimelenga skuli. Kidonge chenyewe ni kikubwa cha miligramu 600, na kichungu cha kutapisha. Uchungu huo una sababu: dawa ina nusu mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, moja inaua minyoo, nyingine haina kazi kubwa ila ukali wa mdomoni. Kuzitenganisha kuna gharama. Nani angelipa gharama hiyo kwa ajili ya mtoto wa Chaani? Mpaka 2012 ndipo ukaundwa ushirika wa Merck hiyo, Astellas ya Japani na wengine, kiwanda cha serikali ya Brazili kikajiunga baadaye, kwa fedha za umma zikichanganywa na za kampuni. Dawa ya watoto wadogo, arprazikwanteli, ikapata kibali cha kitaalamu cha Ulaya Disemba 2023. Inayeyuka kwenye maji na inafaa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Majaribio yake yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na hayo ndiyo majaribio halisi, yenye ridhaa ya wazazi.

Na kuna lingine. Kidonge ni cha bure, petroli ya gari la kukileta si ya bure, wala posho ya mgawaji. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na katikati ya mwaka ule USAID, mlipaji mkubwa wa kampeni za magonjwa haya Afrika, ikafungwa. Uamuzi ulifanywa Washington kwa hoja za Washington. Nchi zenye vidonge ghalani zikabaki kutafuta wa kuvisafirisha. Hapa visiwani tunajua kuwa vidonge peke yake havitoshi: kuanzia 2011 hadi 2017 tulijaribu dawa peke yake, dawa pamoja na kuua konokono wanaobeba minyoo hiyo, na dawa pamoja na kufundisha watoto, kichocho kikapungua sana lakini hakikukatika, maana mtoto akipona akarudi kijitoni anakipata upya. Bomba la maji halina hataza, mwanangu, kwa hiyo hilo tumdai diwani na mwakilishi.

Ukifika kituoni uliza dawa ya watoto wadogo kwa jina lake. Wakikwambia haijafika, bado wanaweza kumpa ya kawaida, ikapimwa kwa uzito wake na kusagwa na mhudumu kwenye kinywaji kitamu. Usikate kidonge nyumbani kwa kukadiria. Na mtajie mhudumu kijito anachooga, na watoto wengine wa mtaa wanaooga naye, ili nao waitwe.