Mvuliwa Nguo Huchutama: Nilivyoshindwa Mdahalo wa Uchi, na Utakavyoushinda Wewe

Juzi usiku nilipokea ujumbe: "Shikamoo kaka. Tumepewa mada ya mdahalo, 'Je, sheria iruhusu watu kukaa uchi hadharani?' Mimi ndiye mzungumzaji wa kwanza. Nifanyeje watu wasinicheke?"

Marahaba, mdogo wangu. Umebisha hodi kwenye mlango wenyewe. Mada hiyo iliwahi kuniumbua mbele ya ukumbi mzima, na wapo watu ambao hadi leo wakiniona wananiita Mheshimiwa Uchi. Nitakujibu, ila kwa urefu, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna kiu ileile niliyokuwa nayo: usimame, useme, ukumbi unyamaze, majaji waandike jina lako juu.

Maandalizi nayaruka, hayana utamu. Tulisoma kidogo, tukabishana sana. Sisi tulipangiwa kuunga mkono, na nilikuwa na uhakika wa kijana ambaye hajawahi kushindwa. Hotuba yangu niliiandika kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, na katikati, kwa kalamu nyekundu, nikaweka maneno mawili: VUA KOTI.

Nikapanda jukwaani. Nikasalimia meza kuu, nikasema tulizaliwa uchi, nguo ni mazoea tu, aibu tumefundishwa. Kisha nikavua koti taratibu na kulitundika kwenye mgongo wa kiti. "Mheshimiwa mwenyekiti, nimevua koti. Kuna aliyeumia?" Kimya. Nikajua nimewashika. Nikavua tai. "Nimevua na tai. Kuna aliyeumia?" Hapo kwenye meza ya wapinzani akasimama binti mmoja mfupi, mkono juu.

"Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti."

Nilikuwa na haki ya kumkatalia. Nikamruhusu, tena kwa madaha.

"Mbona mzungumzaji ameishia kwenye tai?"

Ukumbi ulilipuka. Nyuma wakaanza kupiga meza: "Endelea! Endelea!" Na mkono wangu, nauona mpaka leo, ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha juu cha shati. Kidole gumba na cha shahada vimekishika. Nikikifungua, nimekuwa kichekesho. Nikikiachia, nimekiri kwamba hata mimi naamini upo mpaka, na wala sijui kueleza uko wapi. Sikukifungua, sikukiachia. Kengele ikanikuta nimesimama hivyohivyo kama mtu aliyeshikwa na kikohozi.

Zamu yake ilipofika hakuhitaji hata nusu ya dakika zake. "Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama," alisema. "Mwenzetu hata hajavuliwa, ameshachutama."

Lililoniuma zaidi ni jingine. Mwenzangu, mzungumzaji wa pili upande wetu, alianza kwa kusema mambo ya koti yalikuwa ya kwangu binafsi. Ya kwangu binafsi! Tulikuwa tumeyafanyia mazoezi pamoja mara nne, na ile tai alinichagulia yeye. Simtaji, na najua huwa anapita humu kusoma. Jaji mmoja aliandika kwenye karatasi yangu: "Sauti nzuri. Hoja hazikuonekana." Karatasi hiyo bado ninayo.

Sasa ushauri. Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa lile koti. Hapana. Kosa lilikuwa kudhani mada inauliza kama mwili wa binadamu ni kitu kibaya. Haiulizi hivyo. Inauliza: mtu akiwa uchi mahali pa watu wote, hajamgusa mtu, hajamsemesha mtu, askari afanye nini? Ukilijibu hilo umejibu mada. Ukijibu jingine lolote, unavua koti.

Nilianza kusoma sheria zenyewe baada ya kushindwa, wakati hakuna tena aliyekuwa ananiuliza, na nilikuta si kama nilivyozidhania. Watu husema Ujerumani "wameruhusu uchi", kama vile kipo kifungu kinachosema raia vueni. Hakipo. Kanuni yao ya adhabu, kifungu cha 183a, inaadhibu tendo la ngono linalofanywa hadharani na kuwaudhi watu. Uchi mtupu haumo, na unaweza kuhesabiwa tu kama usumbufu mdogo pale unapozidi. Ndiyo maana Munich, katika maeneo yaliyotengwa ndani ya bustani ya Englischer Garten, mtu anaota jua bila hata uzi na mwingine anapita na baiskeli yake. Kilichonichekesha ni kifungu cha 183, kinachohusu kujianika ili kumsumbua mtu: kinaanza kwa kutaja mwanamume, na adhabu yake ni hadi mwaka mmoja jela au faini. Katika kosa hilo mwanamke hakutajwa. Ukiwa upande wa kupinga, hiyo peke yake ni dakika moja nzima ya kuuliza usawa uko wapi.

England na Wales nako, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2003, kifungu cha 66, inataka mambo mawili yathibitishwe: mtu ameonyesha sehemu za siri kwa kukusudia, na amekusudia kwamba atakayeona ashtuke au afadhaike. Shika neno hilo, kukusudia. Anayeoga uchi ufukweni Brighton, kwenye sehemu iliyotengwa tangu 1980, hamkusudii mtu.

Nilipofika hapo nikaikumbuka methali ya yule binti, na safari hii niliisikiliza kwa makini. Mvuliwa nguo huchutama. Mvuliwa, si anayevua. Methali inamsema aliyevuliwa na mwingine. Wahenga hawakusema lolote juu ya aliyevua mwenyewe, akakunja nguo zake, akaziweka kando. Miaka yote ile nilikuwa nimepigwa kwa fimbo ambayo haikuwa yangu!

Na Kiswahili kimetufanyia kazi ambayo mabunge mengi yanahangaika nayo. Kuna kuvua nguo: mtu na mwili wake. Kuna kuvuliwa: amefanyiwa kwa nguvu. Na kuna kumvulia mtu: umemlenga yeye, unataka aone, unataka jambo limpate. (Kuvua samaki tuwaachie wavuvi.) Mzizi mmoja, makosa tofauti kabisa, na uchi unaoonekana kwa macho ni uleule.

Kuvuliwa ndiko kubaya kuliko kote, na ajabu ni kwamba huko ndiko sheria zilikochelewa. Nairobi, Novemba 2014, baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke kituoni kwa madai kwamba amevaa vibaya, wanawake waliandamana, na kabla ya mwaka kuisha Bunge la Kenya likaongeza kwenye sheria ya adhabu kosa la kumvua mtu nguo, lenye kifungo cha miaka mingi jela. Tazama kilichotokea pale. Waliojiita walinzi wa stara ndio waliomwacha mtu uchi barabarani. Kumvulia mtu nako kunajulikana: yule mwanamume anayesubiri mtoto wa shule apite ndipo afungue zipu. Huyo afungwe, sina mjadala naye. Kinachobaki ni kuvua, na ndiko mdahalo unakotakiwa kufanyikia.

Basi ushauri wa kwanza: tenganisha vitenzi hivyo kabla hujasema neno jingine lolote. Wa pili ni uleule wa kwanza, sema tena ukifika katikati, maana watu watakuwa wamesahau. Wa tatu, jifunze upande wa pili kuliko wako.

Upande wa pili una nguvu, usidanganywe. Macho hayana haki ya kuhama mtaa. Mtu akipiga kelele unaziba masikio, akivuta sigara unasogea, lakini aliyeketi uchi mbele yako kwenye basi umeshamwona kabla hujaamua. San Francisco, jiji ambalo watu hulitolea mfano wa uhuru, ilianza mwaka 2011 kwa kuwataka walio uchi watandike kitambaa kabla ya kukaa kwenye viti vya umma. Mwaka uliofuata, kwa kura 6 dhidi ya 5, wasimamizi wa jiji wakapiga marufuku kabisa, isipokuwa kwenye maandamano na sherehe zenye kibali. Kura moja tu! Ukiwa mpinzani, sema: hata wao walichoka. Ukiwa muungaji mkono, sema: hata wao waliacha mlango wazi.

Halafu kuna Stephen Gough, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, aliyeitembea Uingereza kutoka ncha moja hadi nyingine akiwa na viatu, mkoba mgongoni na kofia, basi. Uskochi walimkamata kwa uvunjifu wa amani. Mahakamani akasimama uchi, likaongezeka kosa la kuidharau mahakama. Akimaliza kifungo anatoka uchi, anakamatwa mlangoni mwa gereza. Alikaa ndani zaidi ya miaka 6 kwa jumla. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubali kwamba uchi wake ulikuwa namna ya kutoa maoni, lakini ikasema haki zake hazikuvunjwa, alikuwa na njia nyingine za kuyatoa. Mimi kesi hii hunikosesha raha pande zote mbili. Miaka yote hiyo kwa mtu ambaye hajamgusa mtu ni mingi mno. Lakini kwa nini alishindwa hata kufunga taulo dakika kumi mbele ya hakimu? Ukiitumia kesi hii, itumie yote. Ukiikata nusu, mpinzani atakuletea nusu iliyobaki, na utajua nilivyojisikia na kile kifungo cha shati.

Miaka sita baada ya aibu yangu nilialikwa tena, na mada ilikuwa ileile. Nilipangiwa kuunga mkono tena. Sikuvaa koti. Nilianza na methali yenyewe, nikaichukua kabla hawajaitumia, nikavitenganisha vitenzi. Nikasema jinai iwaangukie wanaovua wengine na wanaowavulia wengine, na aliyevua tu asiitwe mhalifu. Wapi avue na wapi asivue, hiyo ni kazi ya sheria ndogo za mji, kama zilivyo za maegesho na kelele. Nikawapa Hispania: kosa la jinai la fedheha ya hadharani lilifutwa mwaka 1988, na Barcelona ilipoona uchi umewazidi mitaani, mwaka 2011 ikatunga sheria ndogo ya faini. Hakuna aliyepelekwa gerezani kwa ajili ya ngozi yake, na ufukwe ukabaki ufukwe. Hakuna aliyecheka. Ulikuwa ukimya ule niliokuwa nimeuota tangu nikiwa mdogo.

Kisha ukaja muda wa maswali, na kwenye meza ya majaji watatu alikuwa amekaa yule binti. Sasa ni wakili. Hakutabasamu.

"Mwaka 1992," alisema, "akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa pamoja na Wangari Maathai bustanini Uhuru Park, Nairobi. Polisi walipowashambulia, baadhi yao walivua nguo. Walikusudia waonekane. Walikusudia askari washtuke. Kwa vitenzi vyako, hawa waliwavulia. Utawafunga?"

Nilisema mwenye rungu hawezi kuwa mlalamikaji. Nikasema anayelengwa lazima awe mnyonge kuliko anayevua, kama yule mtoto wa shule. Nilisema mengi, kengele ikaniokoa. Wawili walinipa ushindi, mmoja alininyima, na hutapata tabu kukisia ni nani. Kombe liko juu ya kabati langu, nalifuta vumbi mwenyewe.

Niwaambie ukweli, vijana wangu: mnapenda makofi kupita kiasi. Mnaingia ukumbini na utani mnaodhani ni hoja. Someni! Kifungu cha sheria hakizidi mistari mitano, na asilimia kubwa ya wanaobishana juu yake hawajawahi kuisoma hiyo mitano. Na msiwadharau wanaosema "ni aibu". Aibu ni hoja pia, ila mwenye nayo aulizwe ni ya nani, ya anayeonekana au ya anayetazama. Siku hizi yupo na wa tatu, mwenye simu. Fukwe nyingi za uchi kanuni yao ya kwanza ni kutopiga picha, kwa sababu mtu alikubali kuonwa na watu thelathini waliopo, hakukubali kuonwa na dunia nzima mpaka afe. Sheria itakayoruhusu uchi bila kuifunga kamera itakuwa imemvua mtu mara mbili. Hilo sikulisema siku ile ya pili. Lichukue, nakupa bure.

Mdogo wangu, hukuniambia umepangiwa upande upi, na sikujali, kwa sababu vitenzi ni vilevile pande zote. Ila ukipangiwa kupinga, lichukue swali la yule wakili kama lilivyo. Jibu nililotoa siku ile nimelirudia kichwani mara nyingi, na kila mara naliona linavuja mahali pengine. Ukipata linaloshika maji, niandikie kabla ya siku ya mdahalo, tulijaribu. Na huyo mwenzako wa pili mwambie mapema kabisa kila utakachofanya jukwaani, tena mbele ya shahidi.