Jibu: Sindano ya kufunga uzazi kwa paka jike wa Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umeuliza kama paka jike anaweza kufungwa uzazi kwa sindano ya kalisi kloridi. Hiyo ni kemikali ya madume: hudungwa ndani ya korodani. Ovari za jike (vifuko vya mayai) ziko ndani ya tumbo. Ukidunga kwa kubahatisha utaunguza nyama nyingine na kumtesa mnyama bure.

Umeuliza pia kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya watu (medroksiprojesteroni). Joto, yaani jike kutaka dume, itazuia kweli, lakini ni kwa muda, na bei yake ni usaha kwenye mfuko wa uzazi, uvimbe wa matiti, hata kisukari. Paka akiwa tayari na mimba, uchungu huchelewa na watoto hufia tumboni. Kwa paka wa mitaani usiyejua hali yake, mimi siiafiki.

La kutia moyo ni jaribio la Marekani lililochapishwa 2023: sindano moja ya msuli inayopeleka jeni ya homoni ya AMH, inayozuia mayai kukomaa. Majike 6 walidungwa, 3 wakaachwa bila dawa hiyo. Wakawekwa na dume mara mbili, miezi minne kila mara. Wale 3 wote walizaa, wa sindano hakuna. Hao 3 ndio uzito wa jaribio. Bila wao ungesema labda shume ndiye mgumba. Tena projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ilipimwa kwenye kinyesi, maana paka huachia yai baada ya kupandwa, basi kutozaa peke yake hakutoshi kuwa ushahidi.

Dawa hiyo bado haijafika madukani. Kwa sasa, daktari wa mifugo na kisu, yaani upasuaji.